Ndoo Isiyoitikiwa

Katika jengo letu mtu hujulikana kwa ndoo yake kabla hajajulikana kwa sura. Maji hayapandi ghorofani. Bomba ni moja, liko uani, na hutoa maji asubuhi tu, wakati ambao kila mwanamke ana jiko la kuwasha, mtoto wa kuogesha na kazi ya kuwahi. Hakuna mwenye nafasi ya kusimama akisubiri. Unateremsha ndoo yako, unaipanga nyuma ya ile uliyoikuta, unarudi juu kuendelea na mambo yako. Zamu ikifika unaitwa. "Ndoo ya kijani, mpini wa waya!" Unaitikia dirishani, unashuka. Usipoitikia, ndoo yako inasogezwa nyuma na anaitwa anayefuata. Ikibaki ya mwisho na bado huitikii, inafudikizwa mdomo chini, na siku hiyo huna maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu nilipohamia, na sijawahi kuona mtu akibishana na mwitaji.

Mwitaji ni Mama Koki. Jina alilopewa na wazazi wake analijua mwenyewe. Sisi tulimpa hilo kwa sababu mpini wa koki ya bomba hukaa shingoni mwake, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Zamani watu walikuwa wakiacha maji yakimwagika, mwenye nyumba akaung'oa mpini na kumkabidhi yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya wote. Ni mwembamba, ana mikono iliyobabuka kwa sabuni ya kufulia nguo za watu, na sauti ambayo huwezi kuamini imetoka katika kifua kile. Mumewe alifariki mapema. Tangu hapo anaishi katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu, pamoja na dada wa marehemu.

Huyo dada mtu jengo zima linamwita Wifi, kwa kuwa ndivyo Mama Koki anavyomwita, na anapomwita hakuna asiyesikia.

"Wifi! Chumvi umeimaliza!"

"Ningeimalizaje na wewe hupiki kitu cha kutiwa chumvi?"

Wageni waliohamia karibuni hudhani wanachukiana. Wa zamani tunakumbuka matanga. Ndugu wa marehemu walikuja kugawana vitu, wakabeba meza, wakabeba redio. Walipofika kwenye kitanda walimkuta Wifi amekikalia. "Anayekitaka anibebe na mimi," akasema, na Wifi si mtu wa kubebwa na wawili. Ndugu wakaondoka. Yeye hakuondoka nao. Mpaka leo wawili hao wanalala kwenye kitanda hicho, na mpaka leo wanagombania upande wa ukutani.

Wifi ni msusi. Wateja wake hukaa kwenye kigoda kati ya magoti yake na kuegemeza kichwa kifuani pake, laini kama mto, na wengi husinzia kabla mstari wa pili haujafika kisogoni. Mimi mwenyewe nimesinzia hapo. Kuna wanawake katika mtaa huu ambao hawalazi kichwa mahali pengine popote kwa amani, na nadhani nusu ya kinachowaleta kwake ni kule kulala.

Kisha ukaja msimu ambao Wifi alianza kusuka akiwa amesimama. Alisema mgongo unamsumbua. Mteja akijisahau na kuegemea nyuma, alimsukuma kwa ncha za vidole. "Kaa wima, shingo yako si mlenda."

Wengine walilikubali hilo la mgongo. Mama Koki, anayelala naye kitanda kimoja, alijua mgongo ule hauna kitu. Alimwuliza mara ya kwanza, akajibiwa ashughulike na bomba lake. Akamwuliza tena mchana mmoja, mlango umefungwa, mvua inapiga bati la jirani kiasi kwamba hakuna ambaye angesikia.  Wifi alimshika mkono, akauingiza chini ya khanga, upande wa kushoto, akaubonyeza hapo.

Kulikuwa na kitu kama kokwa. Hakikukimbia chini ya kidole.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kingeuma ningejua nakifanya nini."

"Tangu lini?"

"Tangu lini, tangu lini. Wewe ni polisi?" Wifi alijifunika. "Sikiliza, mke wa kaka yangu. Mimi mikono yangu ndiyo shamba langu. Siku nitakayoonekana kwenye ngazi za hospitali nikiulizia kifua, kesho yake nani ataniletea kichwa chake? Watasema nina ugonjwa. Watasema unaambukiza. Unawajua. Ukimwambia mtu, hata ukimwambia kuku, mimi nahama, na kitanda naondoka nacho."

Mama Koki aliapa. Kuna methali inayosema mficha maradhi kifo humuumbua, na aliniambia baadaye kwamba ilimjia mpaka kwenye meno, akaimeza. Mtu anayeogopa, methali humtia hasira tu.

Kwa hiyo alikuwa na siri ambayo hangeweza kuisema, na mtu ambaye hangeweza kumwacha. Alitembea nayo wiki kadhaa. Watu waliona amepungua masihara bombani.

Ndipo akaja nesi wa mtaa. Alikuwa msichana mpole mwenye viatu vya mpira, akasimama uani asubuhi moja katikati ya ndoo, akaeleza kwamba gari la kupima saratani ya matiti litapita katika mitaa yetu. Ndani yake mna mashine ya kupiga picha. Wanawake wa miaka arobaini na kuendelea waje hata kama hawasikii maumivu yoyote, na mwenye umri mdogo aliyeona badiliko lolote aje pia aangaliwe. Alisema kule walikotoka viti vilibaki vitupu, na alilisema hilo kwa namna ya mtu aliyeanza kuzoea.

Wanawake walimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayeuza kitu usichokihitaji.

"Nesi, hiyo mashine inafanyaje?" aliuliza Sindano. Sindano ni fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza. Jina hilo hakulipata kwa kushona.

"Inalibana ziwa kidogo, picha inapigwa, inaachia. Ni kama kushusha pumzi na kupandisha."

"Likibanwa, litarudi? Maana langu limeshakuwa soksi bila ya kubanwa."

Ua wote ulicheka. Nesi naye alicheka, akafunga mkoba wake, na angekwenda zake kama Mama Koki asingemfuata mpaka getini.

"Hilo gari," alimwambia, "likae hapa uani kwetu. Watu nitakuletea mimi."

"Wengi?"

"Wote."

Alikuwa amepiga hesabu yake. Wifi hangekwenda peke yake. Lakini kama jengo zima lingepanga mstari, mwembamba na mnene, mzima na mgonjwa, nani angejua ni yupi aliyekuja na sababu? Mmoja angepita katikati ya wengi bila kutazamwa. Kwa ajili ya mwanamke mmoja, ilibidi awasukume wote.

Na aliwasukuma. Asubuhi baada ya asubuhi alishika mpini wa koki mkononi, maji hayajafunguliwa, akamkabili mwenye ndoo.

"Umezaa mbele ya watu wanne, leo unamwogopa nesi mmoja?"

"Mume wangu hatataka."

"Mume wako anavaa sidiria? Hilo ni lako."

Bibi wa chumba cha chini, mkubwa kuliko sote, alisema yake yameshastaafu. "Hata mstaafu hukaguliwa, bibi," alijibiwa. Mwingine alisema anayetafuta hupata, bora asitafute. Kwa huyo Mama Koki hakuwa na mzaha. Alimjazia ndoo taratibu, kisha akasema: "Kama kipo, kipo. Hakikungoji wewe ukitafute." Nilikuwa nyuma ya huyo mwanamke. Sauti ya Mama Koki ilinishangaza, kwani alikuwa kama anayesema na mtu mwingine asiyekuwepo.

Mwishowe alitoa ahadi iliyomaliza ubishi. Siku ya gari, ndoo zipangwe mbele ya gari na si mbele ya bomba. Anayetoka kupimwa ataikuta ndoo yake imejaa.

"Hapo sasa umesema," alisema Sindano.

Siku ilipofika, gari lilikuwa uani kabla ya jua kupanda ukuta. Lilikuwa jeupe, refu, na turubai lililotandazwa kando ya mlango wake kufanya kivuli. Na ndoo zilikuwepo. Zilianza mlangoni mwa gari, zikauzunguka ua, zikapinda kwenye kamba za nguo na kuishia chini ya ngazi. Nyekundu, kijani, zilizowahi kubeba rangi ya ukuta na bado zina madoa yake, madumu yaliyokatwa kichwa. Katikati kabisa, mbali na mwanzo na mbali na mwisho, Mama Koki mwenyewe alikuwa ameiweka ndoo ya bluu yenye kitambaa cheupe kilichozungushwa kwenye mpini. Kila mtu aliijua hiyo. Ni ndoo ya Wifi.

Aliitazama mara moja, akaridhika na mahali ilipo, kisha akapanda juu kumchukua mwenyewe.

Alimkuta Wifi amekaa kitandani, nywele zake hazijachanwa.

"Vaa, wifi yangu. Mstari ni mrefu. Hakuna atakayekuona."

"Siendi."

"Jana ulikubali."

"Jana nilitaka ulale." Wifi alikunja khanga mapajani, akaikunjua. "Ndoo yangu umeipeleka wewe, sikuipeleka mimi. Mwambie nesi aipime."

Mama Koki aliketi karibu naye. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba wote wapo, hata Sindano, hata bibi wa chini. Wifi akasema hao hawana kitu, wanakwenda kuonyesha walichonacho na kurudi na maji. Yeye akiingia, atatoka na jina. "Sasa hivi ni uvimbe. Sina jina lake. Nikitoka mle utakuwa nalo, nami nitalala nalo." Mama Koki akamkumbusha siku ya kitanda. Wifi akasema kitanda hakiingii ndani ya mwili wa mtu. Walikaa hivyo, maneno yakiisha na kuanza, na chini uani hapakusikika kitu. Mama Koki alidhani ni heshima ya mahali. Alidhani mstari unakwenda.

Kisha ikasikika sauti ya chuma kikigonga chuma. Alikwenda dirishani.

Dereva wa gari alikuwa anakunja turubai.

Ndoo zilikuwa vilevile, hakuna hata moja iliyosogea. Mbele ya mstari nesi alikuwa amesimama, mikono mifukoni, akitazama juu, kwenye madirisha matupu. Na Mama Koki akaelewa. Wanawake wote walikuwa vyumbani mwao, tayari wameoga, wamevaa nguo zao nzuri, wanasubiri kuitwa. Kila mmoja alikuwa ameweka ndoo, na kwetu ndoo ikishawekwa, wewe umefika. Aliyetakiwa kuwaita alikuwa ghorofa ya tatu, amekaa kitandani na Wifi. Nesi hakujua. Angejuaje? Aliona ndoo mbele ya gari, hakuona mtu hata mmoja.

Alishuka zile ngazi, kandambili moja ikabaki njiani.

"Msiondoke! Msiondoke!"

"Mama," alisema nesi, na uchovu ulikuwa umeshamkaa usoni, "uliniambia watajaa. Tumekaa tangu alfajiri. Naona ndoo."

"Hao ndio watu!"

Dereva alicheka, turubai mikononi. "Tumeletewa wagonjwa wasio na miguu."

"Subirini. Kaka yangu, lishushe hilo turubai. Nesi, rudi mlangoni, simama hapo hapo." Mama Koki alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Ndoo nyekundu, mpini wa mbao!"

"Nipo!" likajibu dirisha.

"Dumu la njano, lililokatwa!"

"Nakuja, nakuja, nilidhani mmetusahau!"

"Ndoo ya kijani, mpini wa waya!"

Hiyo ni yangu. Nikaitikia. Ngazi zikaanza kutoa sauti, madirisha yakafunguka moja baada ya jingine, na kwa muda mfupi ua ulijaa manukato na kelele. Nesi alisimama mlangoni mwa gari mdomo wazi. Dereva alilitandaza turubai upya, tena kwa haraka kuliko alivyolikunja.

Mstari ukaanza kwenda. Mmoja aliingia, mwingine alitoka, Mama Koki akiita, akijaza, akiita. Waliotoka waliwatisha waliongoja. "Inabana kweli, shoga, lakini hata mume wangu hunibana zaidi kwenye kitanda chetu kibovu." Bibi wa chini alitoka akijifunga khanga, akasema amekaguliwa na pensheni yake iko salama. Ungedhani ni arusi. Mama Koki alicheka kila palipochekwa, lakini nilikuwa karibu naye, na macho yake hayakutoka kwenye ndoo moja.

Ikafika mbele.

"Ndoo ya bluu," aliita, "kitambaa cheupe."

Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi nusu. Pazia halikutikisika.

"Ndoo ya bluu, kitambaa cheupe!"



"Sogeza," akasema mwenye ndoo ya nyuma, bila ubaya. Ndiyo sheria. Mama Koki akaisogeza nyuma ya ile. Akaita nyingine. Ikafika tena mbele, akaiita, haikuitikiwa, akaisogeza. Mara ya tatu Sindano, ambaye alikuwa ameshapimwa na amekalia ngazi akijipepea kwa khanga, alimtupia: "Huyo wifi yako anasuka kichwa cha nani huko kisichokwisha?"

"Ana mteja," alisema Mama Koki.

"Mteja gani, na sisi wote tuko hapa?"

Watu walicheka kidogo.  Mama Koki aliinama kuisogeza ndoo, na aliishika kwa mikono miwili, ndoo tupu ya plastiki ambayo mtoto angeining'iniza kwenye kidole. Niliona Sindano akiiangalia ile mikono. Khanga iliacha kupepea.

Ndoo zilizidi kupungua. Kila moja iliyoondoka iliiacha ile ya bluu wazi zaidi. Nilikuwa sijui siri yao wakati huo, lakini hata mimi nilianza kuhisi kuna jambo linalokwenda vibaya polepole, mbele ya macho yetu. Baadaye, alipokuwa amenieleza yote, ndipo nilipojua ilivyokuwa kwake. Alikuwa ameukusanya umati mzima ili mtu mmoja asionekane. Sasa umati umemaliza haja yake, umejipanga ukutani na ngazini ukiwa na maji yake, hauna la kufanya ila kutazama. Na cha kutazamwa kilikuwa kimoja.

Ndoo ya mwisho nyuma yake ikaondoka. Mwenyewe akaingia garini, akatoka.

Ilibaki ya bluu, peke yake katikati ya ua.

"Hiyo ni ya nani?" aliuliza nesi.

 Dereva alitazama jua. Mama Koki alisimama juu ya ndoo ile, na sauti yake iliyokuwa ikipasua kuta tangu alipoanza kuita ilitoka ndogo.

"Ndoo ya bluu. Kitambaa cheupe."

Pazia lilitikisika. Yule wa ndani alikuwa nyuma yake, na kila mtu uani alijua yuko nyuma yake, na yeye alijua wanajua. Sasa kushuka ngazi zile kulimaanisha kuupita mstari wa macho ya jengo zima, peke yake. Pazia likatulia.

Sheria inasema ifudikizwe. Mama Koki aliinama. Alishika ukingo wa ndoo, akabaki ameinama hivyo.

"Ngoja kwanza," alisema Sindano.

Alinyanyuka kwenye ngazi. Aliikamata ndoo yake, iliyokuwa imejaa, akamwaga maji yote kwenye mfereji. Mtu akaguna, kwani maji kwetu hayamwagwi. Akaja nayo tupu mpaka katikati ya ua, akaiweka nyuma ya ile ya bluu.

"Wewe si umeshapimwa?" aliuliza nesi.

"Nimepimwa. Nimesahau kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Nikifika mbele nitakumbuka."

Nesi alimtazama, akamtazama Mama Koki aliyekuwa bado ameinama. Alikuwa msichana mdogo lakini si mjinga. "Sawa," akasema. "Panga."

Bibi wa chini akasema naye kuna jambo kuhusu goti. Akasaidiwa kumwaga, akapanga. Mimi niliimwaga yangu bila kutafuta sababu, na hakuna aliyeniuliza. Maji yaliteremka kwenye mfereji kwa kishindo, ndoo baada ya ndoo, na mstari ukarefuka tena kuelekea kamba za nguo, mbele ya ile ya bluu na nyuma yake, maana Sindano alipita akizipanga. "Wewe weka mbele. Wewe nyuma. Mnapangaje kama hamjawahi kuteka maji?" Na alipomaliza alitugeukia. "Na mbona mmekodoa macho? Nendeni vyumbani mkangoje kuitwa. Hii foleni ni ya ndoo."

Tukapanda. Milango ikafungwa mmoja mmoja. Uani walibaki Mama Koki, nesi, dereva na ndoo.

Nilisimama nyuma ya pazia langu, nikasikiliza. Nadhani jengo zima lilikuwa nyuma ya mapazia.

Mama Koki aliita ile ya kwanza. Mwenyewe akajibu, akashuka, akaingia, akatoka upesi. Akaita ya pili. Kisha ikafika zamu ya ile.

"Ndoo ya bluu! Kitambaa cheupe!"

Hakuna kilichojibu. Nilihesabu? Sikuhesabu. Niliushika ukingo wa dirisha tu.

"Nimesikia!" ilitoka sauti ghorofa ya tatu, imekwaruza, ina hasira. "Unaniita kama umeniajiri! Mtu hawezi kuvaa kiatu?"

"Vaa upesi, watu wana kazi!"

"Watu gani? Hakuna mtu hapo!"

Na kweli, aliposhuka, hapakuwa na mtu. Zilikuwepo ndoo tu, nyingi, zimeelekea upande mmoja.

Alikaa garini muda mrefu kuliko wote. Mama Koki aliijaza ndoo ya bluu mpaka ukingoni, akafunga koki, akakaa juu ya jiwe la kufulia akizungusha mpini kwenye kamba. Nesi ndiye aliyefungua mlango. Walitoka pamoja, nesi akiwa amemshika Wifi kiwiko, akawa anamweleza kitu kwa sauti ya chini, siku na mahali pa kwenda. Kwamba watatoa kipande kidogo wakiangalie. Kwamba asije peke yake.

"Haji peke yake," alisema Mama Koki.

Wifi aliinama kuchukua ndoo yake. Mama Koki alishika mpini upande wa pili. Nilidhani watagombana, na waligombana.

"Unamwaga."

"Wewe ndiye unayenivuta."

Wakapanda nayo hivyo, kidato kwa kidato.

Hospitali ilikipa kile kitu jina lake, kama Wifi alivyosema. Walimpasua, ziwa la kushoto likaondoka, kisha zikaja dawa zilizomlaza kitandani siku nyingi. Kwa muda huo Mama Koki alimwachia upande wa ukutani bila neno, na hilo ndilo lililomtisha Wifi kuliko dawa. "Alinipa ukuta," aliniambia. "Nikasema basi, nakufa." Nywele zake zilipopukutika, Sindano alimshonea vilemba, kila kimoja na kejeli yake.

Wateja hawakukimbia. Wawili watatu walikimbia, tuseme ukweli; mmoja amerudi. Bado anakwenda kuangaliwa kila wanapomwita, na hakuna anayejua mwisho wake, wala daktari hajifanyi anajua. Siku za kwenda, Mama Koki humwachia mtu mpini wa koki, na asubuhi hiyo foleni huwa ovyo.

Juzi nilikwenda kusukwa. Wifi amekaa siku hizi, kigoda kati ya magoti kama zamani. Niliketi wima, nikikaza shingo, sijui nijiweke vipi. Akanipiga kisogoni na kitana.

"Egemea," alisema. "Huku kulia."